Kizuia kuganda katika mfumo wa kupasha nyumba joto

Kizuia kuganda (pia: antifrizi) ni kiowevu kinachochanganywa na maji ili mchanganyiko usigande halijoto inaposhuka chini ya sentigredi 0. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanakifahamu kutokana na rejeta ya gari, ambako huitwa kulanti. Makala hii inahusu matumizi yake ndani ya nyumba za nchi za baridi, hasa Kanada na kaskazini mwa Marekani, ambako maji ya moto huzungushwa katika mabomba ili kupasha vyumba joto.

Kiowevu hicho hakidumu milele. Huzimuliwa kidogokidogo na maji yanayoongezwa, na huchakaa hadi kuwa asidi. Mabadiliko yote mawili hutokea bila dalili ya wazi, kwa hiyo mfumo unaweza kuonekana mzima kabisa huku kinga yake ikiwa imekwisha.

Mfumo wenyewe

Kiini cha mfumo ni boila, yaani mtambo unaopasha maji kwa gesi, mafuta au umeme. Pampu huyasukuma maji hayo hadi kwenye rejeta za vyumbani, au kwenye mabomba yenye mapezi ya chuma yanayopita chini ya kuta, au kwenye mabomba ya plastiki yaliyolazwa ndani ya sakafu. Maji yakishatoa joto lake hurudi kwenye boila kupashwa tena. Ni maji yaleyale, mzunguko baada ya mzunguko. Hayatumiwi wala hayamwagwi, na ndiyo sababu mfumo huitwa funge.

Kwa kuwa maji hupanuka yakipata moto, kuna tangi la upanuzi ambalo ndani yake utando wa mpira hutenganisha maji na hewa. Maji yanapopanuka hewa hubanwa, yanapopoa hewa huyarudisha. Katika nyumba ya ghorofa mbili shinikizo huwa karibu bar 1 mfumo ukiwa baridi. Likipanda mno, vali ya usalama hufunguka: takriban bar 2 katika mifumo ya Marekani, bar 3 katika mingi ya Ulaya.

Mabomba haya ni tofauti na yale ya maji ya kunywa na kuoga. Glikoli iliyomo katika mfumo wa joto hailindi bomba la jikoni wala la chooni. Anayeiacha nyumba bila moto wakati wa baridi anapaswa bado kuyamwaga maji ya mabomba hayo mengine, hata kama mfumo wake wa joto umejazwa vizuri.

Kwa nini bomba hupasuka

Maji yanapoganda hupanuka kwa takriban asilimia 9. Barafu ikishaziba bomba sehemu moja, huendelea kukua na kuyasukuma maji yaliyobaki kati yake na vali iliyofungwa au kona isiyo na njia. Maji hayabanwi kwa urahisi kama hewa, hivyo shinikizo hupanda upesi hadi bomba lipasuke, mara nyingi si pale penye barafu bali mahali dhaifu penye maji yaliyobanwa. Mwenye nyumba huenda asijue lolote siku ile. Barafu ikiyeyuka ndipo maji humwagika.

Hatari kubwa haiko katika ukali wa baridi peke yake, ila katika moto kuzimika. Mwezi Januari 1998 mvua ya barafu ilinyesha kwa siku kadhaa katika majimbo ya Quebec na Ontario nchini Kanada na katika majimbo ya New York, Vermont, New Hampshire na Maine nchini Marekani. Barafu iliangusha nguzo na nyaya, na mamilioni ya watu wakabaki bila umeme, wengine kwa wiki kadhaa. Boila ya mafuta inaweza kuwa na tangi lililojaa, lakini bila umeme pampu haizunguki na kichomeo hakiwaki.

Maine ndiko wanakoishi leo wahamiaji wengi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, hasa katika miji ya Portland na Lewiston, na kati yao wapo wazungumzaji wengi wa Kiswahili. Kwa mpangaji, boila ni wajibu wa mwenye nyumba. Lakini mpangaji ndiye anayeona kwanza alama nyeupe au ya kijani iliyokauka kwenye kiungo cha bomba. Inafaa aiarifu mapema, kwa sababu zitakazoonekana chini.

Nani anakihitaji

Si kila mfumo unahitaji kizuia kuganda, na pasipohitajika ni afadhali maji matupu. Maji hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wowote wa glikoli, hayana mnato mkubwa, hayachakai kuwa asidi na hayagharimu kitu. Nyumba inayokaliwa majira yote ya baridi, yenye mabomba yaliyo ndani kabisa ya kuta zenye joto, kwa kawaida haina sababu ya kubeba mzigo huu.

Kinahitajika zaidi katika nyumba za mapumziko zinazoachwa bila watu, karakana zenye milango mikubwa inayofunguliwa mara kwa mara, mabomba yanayopita darini au nje, na mabomba yaliyozikwa chini ya njia za magari ili kuyeyusha theluji. Pia katika maeneo kama Fairbanks, Alaska, ambako siku kadhaa za baridi hushuka chini ya -40 °C na saa chache bila moto zinatosha kuleta hasara.

Glikoli mbili

Vizuia kuganda vinavyotumika ni hasa viwili: ethileni glikoli na propileni glikoli. Vyote viwili ni vya jamii ya alkoholi, havina rangi na vina ladha tamutamu. Molekuli zake hujipenyeza kati ya molekuli za maji na kushikana nazo, hivyo maji hushindwa kujipanga katika fuwele za barafu mpaka halijoto ishuke zaidi. Glikoli tupu si kinga bora kuliko mchanganyiko. Ethileni glikoli isiyo na maji huganda karibu -13 °C, lakini ikichanganywa nusu kwa nusu na maji huganda karibu -37 °C. Maji huizuia glikoli kuganda kama vile glikoli inavyoyazuia maji.

Ethileni glikoli ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na mwanakemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katika miaka ya 1850, na tangu miaka ya 1920 imekuwa ikiuzwa kwa ajili ya magari. Ni sumu kali. Takriban mililita 100 zinaweza kumwua mtu mzima, na kwa mtoto au mbwa kiasi kidogo zaidi kinatosha. Mwilini ini huigeuza kuwa asidi, na mwishowe fuwele za oksalati huharibu figo. Mgonjwa mwanzoni huonekana kama mlevi tu, jambo linaloweza kuchelewesha matibabu. Hospitalini hupewa fomepizoli au ethanoli ili kuzuia ini kuanza kazi hiyo.

Propileni glikoli haina sumu hiyo. Hutumiwa hata katika vyakula, kwa namba E1520, na katika dawa za maji. Wauzaji wasio waaminifu au wazembe wakiichanganya na glikoli zenye sumu, maafa hutokea: mwaka 2022 nchini Gambia zaidi ya watoto 60 walikufa, na dawa za kikohozi walizopewa zikakutwa na ethileni glikoli na diethileni glikoli.

Kwa sababu bomba la mfumo wa joto linaweza kuvuja ndani ya nyumba, au kiowevu chake kurudi nyuma katika maji ya kunywa, propileni glikoli ndiyo inayofaa majumbani. Hata hivyo ile inayouzwa kwa ajili ya mifumo ya joto ina kemikali za kuzuia kutu na si ya kunywa.

Kulanti ya gari haifai kabisa. Mbali na kuwa aghalabu ni ethileni glikoli, nyingi zina silikati, ambazo zinaweza kuganda kama utelezi mzito na kufunika kuta za boila na pampu. Rangi haisaidii kutambua: kila mtengenezaji hutia rangi aipendayo, na kiowevu cha waridi cha kampuni moja si lazima kifanane na cha waridi cha nyingine.

Kiasi cha kuchanganya

Kwa propileni glikoli, mchanganyiko wenye asilimia 30 kwa ujazo huanza kuganda karibu -13 °C. Wenye asilimia 40, karibu -21 °C. Wenye asilimia 50, karibu -33 °C. Kuanza kuganda si sawa na kupasuka kwa bomba. Mchanganyiko wa glikoli haugeuki jiwe kama maji. Hugeuka uji wa barafu unaoweza kusogea kuelekea tangi la upanuzi. Ndiyo maana asilimia 35 hivi hutosha kulinda mabomba yasipasuke hata katika baridi ya -40 °C, ingawa pampu haiwezi kuuzungusha uji huo. Nyumba ya mapumziko iliyozimwa hadi majira ya kuchipua inahitaji kinga ya kupasuka tu. Mabomba ya kuyeyusha theluji, ambayo lazima yaanze kuzunguka wakati wa baridi kali, yanahitaji kinga kamili ya kuganda.

Kuzidisha glikoli "kwa usalama" ni kosa. Mchanganyiko wa asilimia 50 hubeba joto pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi, na mnato wake hulazimisha pampu kufanya kazi zaidi. Hupanuka pia kuliko maji, kwa hiyo tangi la upanuzi lililotosha maji matupu linaweza lisitoshe. Kupunguza mno nako kuna hasara yake: chini ya asilimia 20 hadi 25 glikoli huacha kuwa adui wa bakteria na kuwa chakula chao, na vizuia kutu vilivyomo huwa vimezimuliwa mno.

Mfumo funge huvuja

Hakuna mfumo usiopoteza kitu. Kiungo hulegea, muhuri wa pampu huchakaa, vali ya kutoa hewa hudondosha. Glikoli hupenya nyufa ndogo kuliko maji, na mfumo uliokaa mkavu kwa maji miaka mingi unaweza kuanza kuvuja ukijazwa mchanganyiko. Kwenye bomba la moto tone hukauka kabla ya kufika sakafuni.

Nyumba nyingi zina vali ya kujaza inayounganisha mfumo na maji ya mjini. Shinikizo likipungua vali hufunguka yenyewe na kuingiza maji. Kwa mfumo wa maji matupu huo ni msaada. Kwa mfumo wa glikoli ni njia ya kuondoa kinga polepole.

Chukua mfumo wa lita 120 wenye glikoli asilimia 40. Tuseme unapoteza lita 1 kwa wiki, yaani takriban matone mawili kwa dakika, na vali inarudisha maji matupu. Baada ya mwaka glikoli inabaki asilimia 26 hivi, na halijoto ya kuanza kuganda imepanda kutoka -21 °C hadi karibu -11 °C. Baada ya miaka miwili imebaki asilimia 17: bakteria wanaweza kustawi, na usiku wa kawaida wa Januari huko Vermont unatosha kugandisha mabomba moto ukizimika. Muda wote huo mwenye nyumba akitazama geji anaona bar 1, kama siku ya kwanza. Geji inasema kweli kuhusu shinikizo. Haisemi lolote kuhusu kilichomo.

Kwa hiyo, mfumo ukishajazwa glikoli, vali ya kujaza hufungwa au bomba lake hukatwa kabisa. Badala yake hutumiwa pipa dogo lenye pampu yake, lililojazwa mchanganyiko uleule. Faida yake ya kwanza ni kwamba kinachoongezwa si maji matupu. Ya pili, na pengine kubwa zaidi, ni kwamba kiwango cha pipa kikishuka, uvujaji umejulikana. Pale ambapo mfumo umebaki umeungwa na maji ya mjini, kanuni za ujenzi hudai kifaa cha kuzuia maji kurudi nyuma.

Kupima kila mwaka

Upimaji hufanywa mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi kuanza, na hujibu maswali mawili tofauti: je, glikoli ingalipo ya kutosha? Na je, imekuwa asidi? Watu wengi hupima la kwanza na kudhani wamejibu yote mawili. Mchanganyiko unaweza kuwa na asilimia 45 za glikoli, usigande kamwe, na huku ukila boila kutoka ndani.

Sampuli huchukuliwa pampu ikiwa imezunguka kwa muda ili kiowevu kichanganyike. Kwanza humwagwa kiasi kidogo kutoka vali ya kutolea maji, kwa sababu kile kilichokaa mdomoni mwa vali si kielelezo cha mfumo, kisha hujazwa chupa safi. Kiowevu kikiwa cha moto huunguza, hivyo ni vizuri kusubiri mfumo upoe.

Nguvu ya glikoli hupimwa kwa refraktomita. Matone mawili matatu huwekwa juu ya kioo chake, na kwa kuwa mwanga hupinda zaidi kadiri glikoli inavyozidi, mstari unaoonekana ndani huonyesha halijoto ya kuganda. Chombo huhakikiwa kwanza kwa maji yaliyokenekwa, ambayo lazima yaonyeshe sifuri. Vipimo vya ethileni na propileni ni tofauti, na vifaa vingi huonyesha vyote viwili bega kwa bega; kusoma upande usio wake huleta jibu la uongo. Hidromita ya gereji, inayopima kwa kuelea, haifai hapa. Imetengenezwa kwa ajili ya ethileni glikoli, na propileni glikoli ina densiti iliyo karibu sana na ya maji.

Asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, iwe ni karatasi zinazobadilika rangi au kifaa cha umeme. Mchanganyiko mpya wenye vizuia kutu huwa kati ya 8 na 10. Ukishuka chini ya 8, vizuia kutu vimeanza kwisha na vinaweza kuongezwa, kwa kutumia bidhaa ya mtengenezaji yuleyule. Ukifika chini ya 7, dawa haisaidii tena na mchanganyiko wote hubadilishwa. Boila zenye kiini cha alumini zina masharti yake: alumini huliwa na besi kama inavyoliwa na asidi, kwa hiyo kiwango kinachofaa ni cha chini zaidi na glikoli yake ni ya aina maalumu. Hapo hufuatwa kitabu cha boila.

Pua na macho pia husaidia. Kiowevu cheusi au cha kahawia chenye harufu kali ya uchachu kimekwisha, hata kabla ya kupimwa.

Asidi inatoka wapi

Glikoli ikikutana na oksijeni katika joto huvunjika na kuwa asidi za kikaboni, miongoni mwake asidi za laktiki, asetiki na fomiki. Oksijeni huingia pamoja na kila lita ya maji mapya, hupita katika vali mbovu za hewa, na hupenya hata kuta za mabomba ya plastiki yasiyo na tabaka la kuizuia. Kwa hiyo uvujaji mdogo hudhuru mara mbili: unazimua na unachachusha.

Ili kupambana na hali hiyo watengenezaji hutia vizuia kutu, aghalabu fosfeti ya potasiamu, ambayo hufyonza asidi inapozaliwa na kulinda uso wa chuma. Fosfeti hiyo ina udhaifu mmoja. Ikikutana na maji magumu, yaani yenye kalisi na magnesi nyingi, hushikana nayo na kuzama kama tope. Kizuia kutu kimepotea, na tope limeziba mabomba membamba. Ndiyo sababu glikoli huchanganywa na maji yaliyokenekwa, ya aina inayoongezwa kwenye betri za magari, au hununuliwa ikiwa imekwisha kuchanganywa kiwandani. Bei huwa juu kidogo, lakini ni ndogo ukilinganisha na boila. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki nayo hayafai katika mfumo wa glikoli, kwa kuwa zinki huingiliana na vizuia kutu na kuacha mashapo.

Kurekebisha na kubadilisha

Nguvu ikiwa imepungua lakini pH bado ni nzuri, si lazima kumwaga vyote. Baada ya kuziba uvujaji, kiasi fulani hutolewa na kurudishwa glikoli tupu yenye vizuia kutu. Kiasi hicho hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa mfumo na tofauti kati ya asilimia inayotakiwa na iliyopo, kisha kugawanya kwa 100 kutoa asilimia iliyopo. Kwa mfumo wa lita 120 ulioshuka hadi asilimia 30 na unaotakiwa kurudi 40, ni 120 × 10 ÷ 70, yaani karibu lita 17. Mfumo huzungushwa kwa siku nzima, kisha hupimwa tena.

Mchanganyiko ukiwa umechacha, kazi ni kubwa zaidi. Boila huzimwa na kuachwa ipoe, mfumo humwagwa, husafishwa kwa dawa inayofaa na kusuuzwa kwa maji mpaka yatoke meupe. Asidi na tope vikibaki ndani, glikoli mpya huanza maisha yake ikiwa tayari imechafuliwa. Mchanganyiko mpya hutayarishwa nje, ndani ya pipa, si kwa kumwaga glikoli na maji kwa zamu ndani ya mabomba. Kisha husukumwa kwa pampu, tawi moja baada ya jingine, hadi hewa yote itoke.

Kiowevu cha zamani hakimwagwi shambani wala mtaroni. Propileni glikoli yenyewe huoza, lakini bakteria wanaoiozesha hutumia oksijeni nyingi kiasi cha kuua samaki wa kijito kidogo. Aidha, kiowevu kilichozunguka miaka mingi huwa kimebeba shaba, na katika nyumba kuukuu hata risasi iliyotoka kwenye viungo vilivyochomelewa. Hupelekwa panapokusanywa taka za kemikali za majumbani, kwa utaratibu wa mji husika.

Mafundi wazuri hufunga kibandiko kwenye boila chenye aina ya glikoli, jina la bidhaa, asilimia, pH, ujazo wa mfumo na tarehe. Bila hicho, fundi anayekuja miaka mitano baadaye hana njia rahisi ya kujua kama kilichomo ni propileni au ethileni, na akikosea ataongeza kile kisichofaa.